Nyumba ya Outi Imepita Tena

Miaka mitatu mfululizo nyumba ya Outi ilipita ukaguzi wa joto, na kila mara Raili, dada yake wa tumbo moja, alipokea habari hiyo kama mtu aliyelishwa shubiri kisha akaambiwa atabasamu.

Wivu wake ulikuwa na anwani. Haukuhusu sura ya Outi, ingawa Outi alijaliwa sura, wala haukumhusu Esko, mume wa Outi, mtu wa msitu na misumeno ambaye hakutumia maneno kumi kwa siku. Raili alimwonea Outi wivu wa mama. Hilkka, mama yao, mwenye miaka themanini na mbili, aliishi kwa Outi katika nyumba ya zamani ya familia, kilomita tisa nje ya mji wa Hallavaara, huku chumba ambacho Raili alimtayarishia mjini, kwenye ghorofa jipya lenye joto linalopita chini ya sakafu, kikiingia mwaka wa tatu bila mtu. Kitanda kilitandikwa. Taa ya kusomea ilikuwepo. Hata ndoano ya kutundikia bakora iligongomelewa ukutani kwa kimo cha mama. Na kila Raili alipomwomba ahamie, mama alimjibu kwa ile sauti ya mtu anayekataa sahani ya pili: "Asante mwanangu, lakini kwa Outi kuna joto."

Kwa Outi kuna joto! Anaambiwa nani? Anaambiwa Raili, mwanamke ambaye kwa miaka ishirini na miwili joto ndilo limekuwa kazi yake! Majira yote ya baridi aliingia katika nyumba za wazee wa Hallavaara na kamera ya joto mkononi, akitafuta pale joto linapotorokea: kwenye pembe za kuta, kwenye fremu za madirisha, kwenye mfuniko wa dari, kwenye matundu ya nyaya za umeme. Palipo na joto kamera ilionyesha manjano, palipo na baridi ilionyesha zambarau. Na manispaa ilikuwa na sheria yake: mzee aliyetimiza miaka themanini asilale katika nyumba iliyofeli, hadi itengenezwe.

Sheria hiyo Raili aliijua kama anavyojua jina lake. Nyumba ya Outi ikifeli, mama atahitaji mahali pa kulala, na mahali palikuwepo, pametandikwa.

Lakini ndugu hakagui nyumba ya ndugu. Kwa hiyo kwa Outi alikwenda Kalevi, bosi wa Raili, na Kalevi alikuwa mtu wa fomu. Fomu yake ilikuwa na vipengele kumi na kimoja, si kumi, si kumi na viwili. Nyumba moja dakika arobaini, nyumba sita kwa siku. Hasogezi kabati, hainui zulia, hagusi kitu cha mwenye nyumba, kwa sababu mwaka mmoja mkaguzi fulani alivunja sanamu ya mbwa ya bibi fulani na kelele zake zilifika hadi kwa meya. Kila Januari alirudi ofisini akipangusa miwani yake, akamwambia Raili kwa furaha isiyo na ubaya hata chembe:

"Imepita tena. Mdogo wako anaitunza ile nyumba, jamani. Kitu cha kupigwa picha."

"Najua," Raili alisema.

"Na mikate yake ile!"

"Najua, Kalevi."

Mwaka huu Kalevi aliteleza juu ya barafu mbele ya mlango wake mwenyewe, akavunjika kifundo cha mkono. Alimpigia Raili simu kutoka hospitali.

"Chukua nyumba zangu zote," alisema. "Isipokuwa ya mdogo wako. Hiyo nitaifanya mwenyewe nikipona. Mwezi wa nne hivi."

"Mwezi wa nne theluji inayeyuka. Nje kukishakuwa na joto, kamera itaona nini?"

"Itaona kilichoandikwa kwenye fomu."

Raili alikata simu, akakaa na kalenda mbele yake. Mama alikuwa akikohoa tangu Oktoba. Kikohozi chenyewe alikisikia kwenye simu kila Jumapili, kikavu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Daktari alisema ni uzee. Raili alijiambia kwamba anakwenda kwa Outi kwa sababu ya kikohozi hicho. Tusimpe sifa asizostahili. Kikohozi kilikuwa kisingizio, na alikivaa kama anavyovaa koti: kwa sababu nje kulikuwa na baridi na alihitaji kutoka.

Alituma ule ujumbe wa kawaida wa ofisi: mkaguzi atafika Jumatano saa tano asubuhi, tafadhali muwepo. Jina la mkaguzi hakuliandika.

Jumatano hiyo ilikuwa nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri. Theluji ililia chini ya viatu vyake alipotembea kutoka kwenye gari hadi barazani. Outi alifungua mlango kabla hajabisha, aproni kiunoni, unga mashavuni, akitabasamu tabasamu la kumpokea Kalevi. Tabasamu lile lilisimama nusu njia.

"Ala! Dada? Mimi namngoja Kalevi."

"Kalevi kavunjika mkono. Umenipata mimi."

"Si mlisema ndugu hakagui ndugu?"

"Outi, unataka kukaguliwa, au unataka tuhojiane hapa mlangoni mpaka tuupashe joto uwanja mzima?"

"Basi ingia, ingia! Maneno yako makali kuliko hiyo baridi."

Raili alivua viatu, akabaki na soksi za sufi, akaingia. Na joto likamkumbatia. Ndilo neno lenyewe, likamkumbatia, na alilichukia kwa sababu lilikuwa tamu. Jiko kubwa la matofali katikati ya nyumba lilikuwa likitoa joto kama ng'ombe aliyelala. Nyumba nzima ilinukia mkate mtamu wa iliki.

"Umewasha jiko saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri. Mgeni anakuja, nimpokee na baridi? Watu watanionaje?"

"Kila mwaka unafanya hivyo siku ya ukaguzi?"

"Kila mwaka. Kwani we ukiitwa kupigwa picha, huchani nywele?"

Hakuna nyumba Hallavaara iliyowahi kukaguliwa ikiwa katika hali yake ya Jumanne ya kawaida. Watu waliwasha majiko kabla ya jua, walipiga deki, walitundika mapazia ya Krismasi, na mkaguzi akapima heshima yao badala ya kuta zao. Ofisini walilijua jambo hilo, wakalicheka, na fomu ikabaki ile ile.

Mama alikuwa mezani, sindano za kufumia mkononi, soksi ya kijivu ikining'inia. Aliinua uso.

"Raili! Mbona hukusema? Outi, mtolee dada yako kikombe cha wageni."

Na hapo, kabla hata kamera haijatoka kwenye mfuko wake, Raili alichomwa. Kikombe cha wageni kilikuwa kile cheupe chenye ukingo wa dhahabu, kinachokaa juu ya kabati, ambacho kasisi alinywea. Outi alijimiminia kahawa katika kopo la bluu lililovunjika sikio, la kila siku, ambalo baba yao alikuwa akilitumia. Mama naye alikuwa na lake, lina ufa. Raili alishika dhahabu yake na kulitamani kopo lisilo na sikio kuliko kitu chochote katika nyumba ile.

"Kunywa, mwanangu," mama alisema, akakohoa, akasubiri kikohozi kimalizike kama anavyosubiri treni ipite. "Outi, mpe na kile kipande cha pembeni, anapenda kilichokauka."

"Hajapenda kilichokauka tangu mwaka wa themanini na nne," Raili alisema.

"Sasa tutajuaje, huji," Outi alisema. Alisema kwa mzaha. Mzaha ulimwingia Raili kama kijiti chini ya ukucha.

"Nikija nakuta viti vimejaa."

"Viti vipi? Tuko watatu hapa, viti sita!"

"Kunyweni kahawa," mama alisema.

Raili akanywa, akashukuru, akasimama, akaanza kazi.

Alikagua kama hajawahi kukagua. Kwenye nyumba za watu wengine alikuwa mwepesi, mkarimu, mwenye kusamehe nyuzi moja hapa na nusu pale. Hapa alipiga magoti. Alipitisha kamera kwenye ukingo wa sakafu kama mtu anayetafuta pete iliyopotea. Sebule: manjano. Jikoni: manjano, na utepe mwembamba wa zambarau chini ya mlango wa nje, kitu cha kawaida, mlango gani hauna. Madirisha yote yalikuwa na mpira mpya. Mfuniko wa dari ulikaa kama kifuniko cha mtungi. Alipanda ngazi hadi darini na kukuta kwamba Esko, yule bubu, amejaza vumbi la mbao jipya juu ya kuta zote, kwa sababu lile alilolitia babu yao baada ya vita lilikuwa limeshuka. Hivyo ndivyo nyumba hizi zinavyokuwa: vumbi la mbao hujazwa kati ya mbao za ndani na za nje, na likikaa miaka hushuka lenyewe, likaacha utupu juu. Esko aliujaza utupu. Aliujaza vizuri. Raili alishuka ngazi ameuma meno.

"Vipi?" Outi aliuliza kutoka jikoni. "Tumekufa?"

"Bado."

"Usiseme kwa huzuni hivyo, dada. Watu watadhani ulitaka tufe."

Kipengele cha kumi na moja kilikuwa chumba cha kulala cha mzee. Chumba cha mama kilikuwa upande wa kaskazini, kidogo, safi, kitanda kimeegemezwa kwenye ukuta wa nje. Na juu ya ukuta huo, kutoka karibu na dari hadi usawa wa godoro, lilitundikwa ryijy la mama, zulia lake la ukutani.

Raili alijua litakuwepo. Aliliona kila Krismasi na kila Krismasi aligeuza uso. Mama alilifuma kwa mkono majira ya baridi yale aliyofiwa na mume, fundo moja baada ya jingine, manyoya marefu ya sufi kama nyasi. Sufi aliinunua Raili. Rangi alizichagua Raili: wekundu wa matunda ya msituni wakati wa vuli, hudhurungi ya ziwa lenye matope, na mstari mmoja wa kijani usiotarajiwa. Alikaa na mama jioni nyingi akimshikia mafundo ya uzi mikononi. Mama hakuwahi kusema litakuwa la nani. Raili hakuwahi kuuliza, kwa sababu aliona swali lenyewe ni kujidhalilisha. Likaisha, likatundikwa kwa Outi, na mama akasema linapendeza pale.

Aliinua kamera. Kwenye kioo, ryijy liling'aa manjano iliyokolea, karibu na weupe. Lilikuwa kitu chenye joto kuliko vyote katika ukuta ule. Bila shaka. Hata kamera ilikuwa upande wa Outi.

Ndani ya fomu za miaka mitatu, Kalevi aliandika maneno yale yale: ukuta wa kaskazini, mzuri. Raili alichomoa kalamu. Aliandika kipimo, kisha alama ya vema. Zilibaki sahihi na tarehe.

Ndipo alipoona mahali kitanda kilipo, akakumbuka kilichokuwa pale kabla ya kitanda.

"Outi," aliita. "Njoo."

Outi akaja akifuta mikono. "Nini tena?"

"Dirisha langu liko wapi?"

"Dirisha gani?"

"Hapa. Palikuwa na dirisha hapa."

"Hapa hapajawahi kuwa na dirisha, dada. Mimi nimekulia humu."

"Ndiyo. Lilizibwa ulipozaliwa wewe."

Outi alimtazama kama anavyotazamwa mtu mwenye homa. Lakini Raili aliliona. Alikuwa na miaka saba. Lilikuwa dirisha dogo la vioo vinne, na nje yake baba alitundika kisanduku cha mbegu za ndege, na yeye Raili alikaa kwenye kiti chake kidogo akiwahesabu ndege wenye vifua vya njano. Kisha Januari moja wakamleta Outi, mwekundu kama kaa la moto, na kitanda cha mtoto kikahitaji mahali pasipo na upepo. Baba akachukua mbao. Akaling'oa dirisha, akapigilia mbao nje, akapigilia mbao ndani, akashindilia katikati magazeti na makapi ya vumbi la mbao. Ilichukua asubuhi moja. Raili aliambiwa akawahesabu ndege jikoni. Jikoni hapakuwa na ndege.

Miaka hamsini na mmoja alikuwa amelibeba dirisha lile kama kidonda. Sasa, kwa mara ya kwanza, alilifikiria kama fundi. Fremu ya zamani ilibaki ndani ya ukuta. Fremu ina ubao wa juu. Vumbi jipya la Esko, alilolimimina kutoka darini, lilifika kwenye ubao ule na kusimama. Chini yake mlikuwa na magazeti ya mwaka aliozaliwa Outi, na vumbi la baba lililoshuka kwa nusu karne. Yaani hamkuwa na kitu.

Na juu ya hapo mtu ametundika sufi nzito. Joto la chumba linakaa mbele ya sufi, haliufikii ukuta. Ila unyevu wa pumzi ya mtu aliyelala hupenya, hufika kwenye ubao baridi, na huko hugeuka maji.

"Saidia nilitoe hili," alisema.

"Usiguse." Sauti ya Outi ilibadilika. "Kalevi alisema mkaguzi haruhusiwi kugusa vitu."

"Kalevi hayupo."

"Raili, hilo ni la mama. Liache. We umekuja na hili moyoni tangu mlangoni, nimekuona. Miaka yote unaliangalia kama nimekuibia."

"Nani kasema hukuniibia?"

Neno lilimponyoka. Outi alirudi nyuma hatua moja.

"Mimi nilikuomba?" alisema polepole. "Mama alilileta mwenyewe, akalitundika mwenyewe. Kama lilikuwa lako ungesema. Lakini wewe husemi, wewe unanuna! Unanuna mjini huko na ghorofa lako, halafu unakuja na kamera kutuvua nguo."

Raili hakusikiliza. Alishika ukingo wa ryijy kwa mikono miwili na kulinyanyua kutoka kwenye kulabu. Juu likaachia kirahisi. Chini halikuja. Alilivuta, likakataa. Akadhani limepigiliwa misumari, na hasira ikampanda, kwamba wamelipigilia hata misumari, basi, akalivuta kwa uzito wake wote.

Lilichanika kwa sauti ya kitambaa na sauti ya barafu kwa pamoja.

Pembe ya chini ya ryijy ilikuwa imegandia ukutani, na mafundo mengi ya sufi nyekundu yalibaki pale, yameshikwa na barafu nyembamba inayong'aa. Juu ya barafu, karatasi ya ukuta ilikuwa nyeusi. Kuvu ilikuwa imeota, nyeusi na ya kijani kibichi, na haikuota ovyoovyo. Ilikuwa na pembe nne zilizonyooka. Lilikuwa dirisha, upana wake, urefu wake, pale pale. Harufu ikatoka, ya kisima kilichofunikwa.

Raili aliinua kamera. Zambarau, na katikati yake weusi.

Kutoka kwenye kuvu hadi kwenye mto wa mama palikuwa na shibiri mbili. Alipima.

"Mungu wangu," Outi alisema. "Esko alijaza. Mimi mwenyewe nilimshikia ngazi. Alijaza, dada!"

"Alijaza. Hakujua. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na bakora yake. Hakuutazama ukuta. Alilitazama ryijy mikononi mwa Raili, upande wa nyuma wa zulia uliooza, pembe yake iliyonyofoka, nyuzi zinazoning'inia.

"Umelichana," alisema.

"Mama, tazama ukuta. Umelala karibu na hiki kitu miaka mitatu. Hicho kikohozi chako—"

"Nimeuona ukuta. Nasema umelichana." Akaja polepole, akalichukua, akakaa nalo kitandani kama mtu anayempakata mgonjwa. Alipapasa mstari wa kijani. Akakohoa.

"Utakuja kwangu," Raili alisema. Maneno yalimtoka haraka mno, na aliyasikia jinsi yalivyokuwa na njaa. "Leo hii. Chumba kiko tayari. Ndiyo sheria, mama, siyo mimi. Nyumba ikifeli, mzee halali humo."

Mama aliinua macho. Yalikuwa makavu na yaliona mbali.

"Nyumba imefeli, au chumba kimefeli?"

Fomu ilikuwa na visanduku viwili: nyumba nzima, na chumba kimoja. Alama moja tu ndiyo ingeamua mama atalala wapi. Nani angemuuliza? Mkaguzi ni yeye, kuvu ni ya kweli, na Kalevi hana mkono wa kushikia kamera. Raili alikwenda sebuleni. Alisogeza kabati la vitabu, jambo ambalo fomu haikulitaka, na kupitisha kiganja nyuma yake. Pakavu. Alisogeza kochi. Pakavu. Alisubiri dakika ishirini mlango wa jiko la matofali ukiwa umefungwa ili moto usimdanganye, akapima tena. Nyuzi ishirini na mbili, na kuta zenye afya. Alitamani kuliko alivyowahi kutamani kitu kukuta doa moja, kijidoa cha ukubwa wa kitufe. Hakukiona.

Alirudi akaweka alama kwenye kisanduku cha chumba kimoja. Kalamu ilitoboa karatasi.

"Basi nitalala sebuleni," mama alisema. "Karibu na jiko. Outi, Esko akirudi mkivute kile kitanda."

"Ndiyo, mama."

Hivyo tu. Raili alisimama na soksi zake za sufi katikati ya chumba alichokuwa akihesabia ndege, na mama hakuwa wake hata sasa.

Outi alikuwa amempigia Kalevi. Alimweka kwa sauti ya nje, simu juu ya kabati la nguo, na sauti ya Kalevi ikajaa chumba, imechoka na dawa za maumivu.

"Raili, umefanya nini? Ndugu hakagui ndugu. Mali ya mwenye nyumba haiguswi. Hayo ni makosa mawili kwa saa moja!"

"Kuna kuvu ukubwa wa dirisha, Kalevi. Umeipiga picha mara tatu ikiwa imevaa zulia."

"Nilifuata utaratibu."

"Najua ulifuata."

"Sikiliza. Outi ni mtu mwema, hatakwenda kushtaki. Mwombe radhi, umkirie kwamba uliingia bila kibali, tufute hiyo fomu kama haikuwepo. Mwezi wa nne nakuja mwenyewe, tunaanza upya, kila kitu kwa mstari."

"Mwezi wa nne barafu hiyo itakuwa imeyeyuka. Watakuwa wameshabandika karatasi mpya na kutundika kitu juu yake. Utaona manjano."

"Raili. Omba radhi tu. Ni neno moja."

Outi alizima simu. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakuwa na hasira tena, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulitazama.

"Mimi sitaki fomu ifutwe," alisema. "Ukuta tutaubomoa, Esko ataufungua kesho. Ila wewe, dada, hukuja kutafuta kuvu. Sema kweli mbele ya mama. Ulikuja kunitafutia aibu mimi."

"Nilikuja kukutafutia aibu."

"Kwa wivu."

"Kwa wivu. Wa mama, wa hilo zulia, wa kopo la baba, wa kila kitu humu. Ningekuwa na moyo safi ningeandika vema nikanywa kahawa ya pili nikaondoka kama Kalevi, na mama angelala tena kando ya kuvu."

Mama alikuwa akiokota mafundo mekundu kutoka kwenye shuka, moja moja, akiyaweka kwenye kiganja. Hakuinua kichwa.

"Mwombe mdogo wako radhi, Raili," alisema. "Na mimi, kwa zulia langu. Yaishe."

Raili alifunga kamera ndani ya mfuko wake, akavuta zipu hadi mwisho.

"Siombi, mama."

"Raili!"

"Siombi. Wala leo, wala mwezi wa nne."